Kupanda Najua, Kushuka Sijui

Jumapili, 2 Novemba

Dakika 58, kupanda na kushuka.

Nimeiandika hiyo juu kabisa kwa sababu mpishi wa kambi yetu amesema mtu asiyeandika dakika zake hujidanganya, kila siku anajiona amekimbia vizuri. Daftari lenyewe ni la stoo, lilikuwa la kuandikia mifuko ya saruji, likanyeshewa kwenye kona moja wakalikataa. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita. Mwandiko wangu na daftari hili tunafanana.

Sababu ya kukimbia niiandike mara moja nisiirudie. Sisi ni wabebaji. Juu ya kilima linajengwa tangi la maji, na lori haliwezi kupanda, hivyo kila mfuko wa saruji, kila ndoo ya mchanga na kila bomba hupanda kwa mgongo wa mtu. Jumapili ya kwanza ya Januari mhandisi huitisha mbio kutoka geti la kambi mpaka kwenye tangi na kurudi. Mshindi anaambiwa aombe kitu kimoja kilicho ndani ya uwezo wa mhandisi, na mhandisi hakatai. Mbio zilizopita alishinda huyu ninayelala naye chumba kimoja, tunamwita Mluzi kwa sababu ya miluzi yake. Aliomba mlango wa choo. Watu walicheka wiki nzima. Mtu ameambiwa omba chochote, anaomba mbao.

Mimi nikishinda nitaomba siku kumi za kwenda nyumbani.

Binti yangu anaanza darasa la kwanza Jumatatu tarehe 12 Januari. Amemwambia mama yake kwamba atapelekwa na baba, la sivyo haendi. Likizo yetu ni moja kila miaka miwili, na yangu niliitumia kwenye msiba wa marehemu baba. Nyumbani nilikaa siku mbili tu, na mtoto siku zote mbili alishinda nyuma ya gauni la bibi yake, ananichungulia. Nilipoondoka kuja huku alikuwa na miaka mitatu. Sasa ana sita na anataka nimpeleke shule. Sijui amenitoa wapi kichwani mwake.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Sikukimbia.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Sikukimbia. Mpishi ananipakulia uji ananiuliza kama nimeshaandikiana na jua, kwamba Januari litakuja kunisindikiza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekimbia mvuani, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kazi. Dakika 61. Njia imekuwa sabuni. Baadaye nimebeba mifuko minane. Mgongo hauulizi kama asubuhi ulikimbia.

Jumapili, 9 Novemba

Leo nimemchukia mtu, naandika ukweli.

Kuna utingo wa lori letu, mrefu, miguu kama ngazi. Kazi yake ni kufungua turubai, kufunga turubai, na kupiga kelele "rudi, rudi" lori linapogeuka. Siku nzima amekaa. Kumbe na yeye anafanya mazoezi. Jana jioni alikuwa anashuka mbio kwenye kona ya mwamba, pale njia inapokuwa nyembamba, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, akampita mbebaji mmoja aliyekuwa anapanda na mfuko. Mbebaji akayumba, mfuko ukaenda matopeni, ukapasuka.

Sisi tuna sheria. Hakuna aliyeiandika lakini hata mgeni huijua siku ya kwanza, kwa kutukanwa. Mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Ukiwa unashuka mikono mitupu ukakutana na mwenye mzigo, unabana mgongo kwenye mwamba na kuvuta tumbo ndani, unasubiri. Husemi naye, hummalizii pumzi yake kwa salamu. Anapita, unaendelea. Hata nyapara wetu, ambaye hana adabu na mtu, hubana.

Utingo alipoambiwa akasema yeye hakujua kwamba kilima kina askari wa barabarani. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 10 Novemba

Dakika 56.

Jumapili, 16 Novemba

Mpishi amesimama getini na saa ya jikoni mkononi, ile ya kutundika ukutani, ameifunika kwa mfuko wa nailoni. Amenihesabia dakika. Kupanda dakika 29, kushuka dakika 26.

Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe unapanda kama mbuzi na unashuka kama bibi harusi."

Nimefikiri jambo hili siku nzima na ni kweli. Miaka mitatu napanda na kilo hamsini. Kilima nikiwa sina mzigo kinaniona mtoto wake. Lakini kushuka kwetu sisi ndiko kupumzika. Nyapara anahesabu mifuko inayofika juu, na tunavyorudi chini hawezi kutuharakisha, hiyo tuliigombania mpaka tukaipata. Kwa hiyo tunashuka polepole, visigino mbele, tunapiga soga. Nimejifunza kushuka polepole kama watu wengine wanavyojifunza ufundi. Utingo hana mazoea hayo. Yeye anashuka kama jiwe.

Alhamisi, 20 Novemba

Simu ya huku haishiki mtandao mpaka ufike kwenye tangi. Kwa hiyo mke wangu nazungumza naye nikiwa nimetua mfuko, pumzi haijarudi, na kila mara anadhani naumwa. Leo aliniuliza nimemwambia nini mtoto. Nilimwambia nimemwahidi nitakuja. Akasema nisimwahidi mtoto kitu ambacho mimi mwenyewe sijakishika, kwa sababu nikikosa ni yeye atakayebaki na kilio hicho nyumbani, mimi nitakuwa kilimani. Amesema mdogo wangu anaweza kumpeleka, ameshakubali, hata viatu amempeleka yeye kupima.

Nilikasirika. Nimeshuka na hasira hiyo mpaka chini. Sasa nimekaa kitandani najua kwamba ana haki, na viatu vile nilitaka kupima mimi.

Jumapili, 23 Novemba

Mafunzo ya kushuka. Mpishi amekaa juu ya kopo la rangi chini ya mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, mimi napanda mita mia nashuka mita mia, mara kumi na mbili. Macho mbele, nisitazame miguu, miguu ina akili zake. Hatua fupi. Nisikanyage kwa kisigino kwa sababu kisigino ni breki. Mikono niiachie ipepee, mikono ndiyo mkia wangu.

Nikamwuliza haya yote ameyajua wapi. Alikuwa akikimbia shuleni, akafika mpaka mashindano ya mkoa. Aliacha alipoolewa, mume alisema miguu ya mke wake si ya kutazamwa na uwanja mzima. Nikamwuliza huyo mume yuko wapi sasa.

"Anatembea," akasema, na akaniambia nipande tena.

Jumatano, 26 Novemba

Dakika 51.

Jumapili, 30 Novemba

Nimeanguka. Chini ya kona ya mwamba jiwe liligeuka, nikaenda kwa ubavu hatua saba au nane. Goti limechunika, kifundo cha mguu wa kulia kimevimba kama embe. Nimerudi nachechemea. Mpishi hakunipa pole. Aliniuliza nilikuwa natazama wapi. Nilikuwa natazama miguu.

Mluzi ndiye aliyenikanda. Maji ya moto, chumvi, kitambaa. Anapiga mluzi wakati wa kukanda, na miluzi yenyewe ni wimbo mmoja usiokwisha ambao kwa miezi kumi na minne umenifanya niwaze mambo mabaya juu yake. Leo sikuwa na la kufanya, mguu ulikuwa mikononi mwake. Nikamwuliza mbona yeye hakimbii safari hii, bingwa mzima. Akakunja suruali. Goti lake la kushoto liko pembeni ya mahali pake. Amesema alilimaliza kwenye kushuka kwa mbio zilizopita, mita mia mbili za mwisho, na alilisikia likiondoka.

Nikamwambia goti zima kwa mlango wa choo.

Akaendelea kukanda. Kisha akasema kambi hii ina wanaume arobaini na mwanamke mmoja, na kabla ya mlango ule pale palikuwa pametundikwa gunia. Upepo wa kilimani naujua. "Wewe uliwahi kuliangalia lile gunia ukajiuliza mpishi anafanyaje?" Nikasema sijawahi. "Na mimi sikuwahi, mpaka siku nilipomkuta anarudi kutoka porini saa kumi na moja, kalowa mpaka kifuani."

Nimeishi na mtu huyu mwaka na zaidi nikidhani ni mjinga.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimebeba mifuko mitano na mguu huu. Nyapara amesema mgonjwa ni aliyelala.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Tumebeba mabomba. Saruji haibebwi mvua ikizidi, ikilowa ni jiwe.

Jumamosi, 6 Desemba

Mguu unakanyaga. Nimepanda polepole bila mzigo ili tu nipige simu. Mtoto alikuwa karibu, mama yake akampa. Sauti yake imekuwa na meno. Aliniambia begi lake lina zipu tatu. Nikamwuliza zipu ya kwanza ya nini, akasema ya daftari. Ya pili ya chakula. Ya tatu akasema hajui bado. Halafu akamrudishia mama yake simu, hakuaga, alikuwa amemaliza habari zake.

Nimekaa pale juu na ukungu mpaka nyapara akaniita.

Jumapili, 14 Desemba

Dakika 48. Kupanda 27, kushuka 21. Mpishi ametikisa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi akaona unakaribia.

Jumatano, 17 Desemba

Mvua tangu jana haijapumzika. Paa linavuja juu ya kitanda changu. Nimesogeza kitanda, sasa linavuja juu ya kitanda cha Mluzi. Amesogea kwangu. Tumelala wawili kwenye godoro la mmoja, miguu kwa kichwa. Anapiga mluzi hata usingizini, kidogo kidogo, kama birika.

Jumapili, 21 Desemba

Dakika 45.

Leo nimekutana na utingo njiani, kila mmoja kwenye mazoezi yake, tukashuka pamoja bila kupatana. Kwenye sehemu ya mchanga alinipita. Nikasikia anavyohema na nikajua kwamba na yeye anaumia, kitu ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa. Nilikuwa nimemweka kichwani mwangu kama mashine. Pale getini aliinama, mikono magotini, akatapika, akafuta mdomo, akanitazama.

"Unataka kuomba nini?" akaniuliza.

Nikamwambia hayamhusu. Sasa najuta. Na mimi sikumwuliza lake.

Ijumaa, 26 Desemba

Kambi ilifungwa siku mbili, wa karibu wamekwenda kwao. Sisi wa mbali tumefua nguo na hazikukauka. Nilitaka kuandika ninavyowaza nyumbani lakini si mawazo, ni vitu tu. Kitasa cha mlango wetu ambacho lazima ukinyanyue kidogo ndipo kifunge. Mke wangu akichana nywele za mtoto, mtoto kambana magotini asikimbie. Harufu ya taa ikizimwa. Mtu akiniuliza nimekosa nini huku nitasema nimekosa kile kitasa.

Jumapili, 28 Desemba

Dakika 43. Mpishi amerudia kuitazama saa, ameipiga kofi, ameiweka sikioni. Amesema utingo Ijumaa alifanya 42 na nusu, alimwona dirishani. Amesema tofauti hiyo ni ya kupenga kamasi tu.

Ijumaa, 2 Januari

Kupumzika, amri ya mpishi. Nyapara hajaambiwa amri hiyo. Mifuko saba.

Jumapili, 4 Januari

Nimekaa muda mrefu na kalamu.

Tulikuwa watu kumi na wanane getini. Mvua haikuwa kubwa, ile ya kuchungulia chungulia, lakini ukungu ulikuwa umekaa juu ya kilima kuanzia nusu. Mhandisi alifungua mwavuli akapiga filimbi. Nyapara alikuwa juu kwenye tangi na kopo la rangi nyekundu, kila anayefika anapakwa mkononi ndipo ageuke, ili mtu asijifiche ukunguni akarudi kama amefika.

Kupanda sina la kuandika. Nilipanda. Wenzangu walibaki nyuma mmoja mmoja, nilisikia viatu vyao vikipungua. Kwenye tangi nilikuwa peke yangu na nyapara. Alinipaka rangi kiganjani, na mtu huyu ambaye hajawahi kunipa neno jema aliniambia kwa sauti ya chini, "Nenda, nenda, bado yuko chini." Nikageuka. Nilikutana na utingo hatua themanini hivi chini ya tangi, yeye bado anapanda. Nilikuwa na nafasi kubwa.

Nikashuka kama nilivyofundishwa. Macho mbele, hatua fupi, mikono mkia. Sijawahi kushuka vile. Mwili haukuwa na uzito, na niliwaza waziwazi kwamba Jumatatu ya tarehe 12 nitakuwa nimeshika begi lenye zipu tatu.

Nilipokunja kona ya mwamba nikaona mtu anapanda na ndoo kichwani, ukungu umemla mpaka kiunoni.

Sikufikiri. Hili nataka niliandike vizuri. Mgongo ulikwenda wenyewe mwambani, miguu ikajipanga, tumbo likaingia ndani. Nikasimama kama ninavyosimama mara ishirini kwa siku, miaka mitatu. Nikasubiri mzigo upite.

Mzigo ulikuwa mpishi. Alikuwa anapeleka chai juu.

"Pita," akasema. "Unasimama nini wewe, pita."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Pita kwanza, dada."

Na yeye alikuwa amesimama, kwa sababu aliona mkimbiaji na alitaka kunipisha. Tukabaki hivyo wote wawili, kila mmoja anampisha mwenzake, ndoo inatoa moshi. Hazikufika pumzi kumi. Utingo akatokea juu yetu, hakupunguza mwendo, akapita upande wa korongo, mkono wake ukagusa bega la mpishi ili asianguke, akapotea. Ndipo akili yangu ikanirudia.

Nilimkimbiza. Kushuka kulikobaki sikumbuki hata jiwe moja. Alinitangulia getini kwa urefu wa lori.

Mhandisi alimwuliza anaomba nini. Utingo alisimama matope mpaka magotini, akasema anaomba afundishwe kuendesha. Dereva amfundishe, baada ya kazi, mpaka apate leseni. Amekuwa akipiga kelele "rudi, rudi" nyuma ya malori miaka tisa na hajawahi kushika usukani. Mhandisi akasema imekubaliwa. Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga. Mikono yangu ilipiga, mimi sikuwepo.

Jumatatu, 5 Januari

Sikukimbia. Hakuna tena cha kukimbilia.

Mpishi amenipakulia bila kunitazama. Baadaye alinikuta kwenye bomba akasema alipangiwa afike juu na chai saa moja kabla ya mbio. Kuni zilikuwa mbichi, hazikushika. Akasema ndiyo hiyo tu alitaka nijue, akaenda zake. Nilitaka kumwambia kosa si lake.

Wabebaji wenzangu hawanicheki. Ningependa wanicheke. Mmoja alinishika bega akasema hata yeye angesimama.

Jumanne, 6 Januari

Nimepiga simu kutoka kwenye tangi. Mke wangu alijua kabla sijamaliza salamu. Akasema mwambie mwenyewe, akampa.

Mtoto akauliza, "Ulikuwa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Wa kwanza alikimbia kuliko wewe?"

"Kidogo tu."

"Kwa hiyo unakuja?"

Nikamweleza kwamba ruhusa hupewa wa kwanza peke yake, na mimi nitakuja Agosti likizo yangu ikifika, na baba mdogo atampeleka. Nilisikia kuku wa nyumbani. Nikadhani ameweka simu chini kama kawaida yake.

Akasema, "Lakini wewe si unajua kukimbia? Kimbia basi, uje."

Nikasema ni mbali sana, mama.

"Anza mapema," akasema.

Jumatano, 7 Januari

Daraja la barabara ya mjini limekwenda na maji. Lori liko upande huu, limekaa. Mluzi amepiga hesabu zake akaniambia kwamba hata ningeshinda, leo ningekuwa na siku zangu kumi mkononi na nimekaa hapa hapa kitandani nazitazama. Nadhani alikuwa ananifariji. Haikusaidia.

Jioni utingo amekuja chumbani kwetu. Hajawahi kuja. Alisimama mlangoni, maji yanamtiririka, hakukaa mpaka Mluzi alipompa ndoo akaigeuza. Alisema ameambiwa kwamba nilisimama kwa sababu ya ile sheria yetu. Yeye alidhani nimeumia.

"Ningejua," akasema, kisha akaacha. "Sijui. Labda ningepita hata hivyo. Nisikudanganye."

Nikamwambia hata mimi ningependa kujua kama angepita.

Akasema alichojia ni kingine. Upande wa pili wa kilima, ukishuka kutoka kwenye tangi, hakuna njia ya mizigo lakini wachunga mbuzi hupita. Chini kuna bonde, ng'ambo ya bonde kuna lami. Amewahi kupita lami hiyo na lori. Mabasi husimama njia panda saa saba mchana. Kwa makadirio yake ni kilomita thelathini. Barabara hiyo haina habari na daraja letu. Alikuwa amechora ramani nyuma ya karatasi ya mizigo.

"Siku hizi unajua kushuka," akasema.

Alhamisi, 8 Januari

Nimekwenda kwa nyapara. Miaka mitatu sijawahi kuingia kile chumba chake bila kuitwa. Nilimwambia kesho naondoka kwenda kumpeleka mwanangu shule, akitaka kuniandika aniandike, akitaka kunifuta anifute.

Alikuwa anakata kucha. Alimaliza mkono mmoja.

"Mimi kila asubuhi saa moja nahesabu watu," akasema. "Nisipokuona naandika mgonjwa. Mgonjwa naruhusiwa kumwandika siku saba. Siku ya nane ni mtoro, na mtoro nafasi yake inakwenda kwa mwingine, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja. Wewe si ndugu yangu."

Nikahesabu vidoleni mbele yake. Kesho Ijumaa ni moja. Ijumaa ijayo saa moja asubuhi lazima niwe kwenye mstari.

"Sisi hatujazungumza," akasema. Akaanza mkono wa pili.

Ijumaa, 9 Januari

Saa kumi na moja. Mvua ya mawe. Mpishi amenipa viazi vinne vya kuchemsha, viwili kila mfuko, amesema nisivile mpaka vipoe, kwanza vinipashe mikono. Daftari nimelifunga kwenye nailoni. Mluzi amenisindikiza mpaka getini na goti lake bovu, anapiga mluzi.

Jumamosi, 10 Januari

Ndani ya basi. Mkono unaruka, mtanisamehe mwandiko.

Nilifika njia panda saa saba kasoro dakika tano. Kwenye bonde maji yalinifika kifuani. Niliteleza mara nne, mara ya nne sikuinuka haraka, nililala pale kwenye majani nikaona raha, nikaogopa ile raha, nikainuka. Dereva alikataa kunipandisha na matope yale. Kondakta akanitandikia gunia.

Kucha mbili za mguu wa kulia zimekuwa nyeusi.

Jumapili, 11 Januari

Nimefika jua linazama. Kitasa ni kile kile, nilikinyanyua bila kufikiri, mlango ukafunguka, mke wangu akageuka na mwiko mkononi. Aliniwekea maji ya kuoga na alipokuja kunipa taulo akakaa chini pale pale sakafuni akalia, akanikataza nisimguse mpaka amalize.

Mtoto alinitazama miguu kwanza. Akauliza kama kweli nimekimbia. Nikamwonyesha zile kucha. Aliigusa moja kwa ncha ya kidole, akauliza kama itadondoka, nikasema itadondoka. Akauliza kama ataweza kuiweka yeye. Hajaniita baba. Hajaniita kitu chochote.

Jumatatu, 12 Januari

Nimekaa juu ya jiwe ng'ambo ya lango la shule. Naandikia magotini.

Tulitoka nyumbani saa moja kasoro robo. Nilinyoosha mkono, akaushika kwa kidole kimoja mpaka kwenye kona, halafu akauachia akatangulia, kwa sababu mimi njia siijui na yeye anaijua, alishaletwa kupima sare. Nilimfuata. Begi lilikuwa kubwa kuliko mgongo. Kila baada ya nyumba tatu nne aligeuka kuhakikisha, na mimi nilichechemea haraka zaidi nisimcheleweshe.

Langoni mwalimu alikuwa na orodha. Alimwuliza jina, akalitaja kwa nguvu. Akamwuliza nani amemleta. Binti yangu akanigeukia, akanitazama uso mzima kwa mara ya kwanza tangu jana, kama mtu anayetazama mbingu kabla ya kuanika nguo.

"Tumekuja pamoja," akamwambia mwalimu.

Kisha akaingia. Alirudi mbio akaniuliza kama nitakuwa hapa atakapotoka saa sita. Nikasema nitakuwa hapa hapa, juu ya jiwe hili. Akalitazama jiwe, akaridhika.

Kesho alfajiri nashika basi la kurudi. Yeye hajui bado, nimemwomba mama yake aniachie nimwambie mwenyewe, jioni, akishamaliza kunisimulia.

Sasa hivi ni saa mbili na nusu. Mvua imeanza tena, na pale dukani kuna baraza, mwenye duka ananiita nikajikinge. Nimemwashiria asante. Sisogei.